Mpini wa Shemeji

Siku vijana wa idara ya mifugo waliponiaga, walinikatia keki yenye picha ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuwa na chuchu tano. Nikanyamaza, nikala. Kisha yule kijana mrefu wa maabara akaniambia, "Mama Upendo, tuandikie mambo ya kazini kabla hujasahau." Sijasahau, mwanangu. Wanaosahau ni wale waliofanya kazi mezani.

Basi naandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka. Kwanza hazikuwa nyingi, pili zinaumiza kichwa. Nitataja siku ya kwanza, vifaa, na mzee aliyenifundisha, kisha nitawaeleza habari ya mbwa mmoja na mtu mmoja kipofu. Mambo ya ng'ombe mtayasoma vitabuni. Hili la mbwa halimo.

Niliripoti Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya tisini, msichana wa Iringa mwenye sanduku la bati na cheti kipya. Nikapangiwa Maganzo, wanakochimba almasi. Aliyenipokea alikuwa bwana mifugo mkongwe, Mzee Masanja, Msukuma mwenye sauti ya chini na mkono usiotetemeka. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu. Nikamjibu, "Asante." Akanitazama, akatikisa kichwa. "Nimekuuliza umeamkaje, mama. Unanishukuru, nimekupa nini?" Aliposikia kwamba mimi ni Mhehe alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. "Serikali hii! Kampeni ya kuchanja mbwa inakuja, wananiletea Mhehe! Si ni kumpa fisi bucha?"

Kwa wasiojua, sisi Wahehe tunasingiziwa nchi nzima kwamba tunakula mbwa. Mimi sijawahi hata kumwonja. Lakini ukishabandikwa jina hilo, huna la kufanya. Unacheka na wenzako, unaendelea na kazi.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Bomba la sindano la kioo, ambalo Mzee Masanja alilibeba kwenye soksi ya sufu. Sindano za chuma tulizozichemsha kwenye sufuria, na zikiwa butu tulizinoa kwenye jiwe. Kamba ya katani. Glavu ndefu za mpira, zile za kuzalishia ng'ombe, zinazofika begani. Na sanduku la barafu la kuwekea chanjo, ambalo bila barafu ni kiti tu, na mara nyingi lilikuwa kiti.

"Mbwa haogopi sindano," Mzee Masanja alinifundisha. "Anaogopa mtu mwenye haraka. Mwachie mwenyewe ashike kichwa, wewe shika kazi yako." Na lingine: "Chanjo ikiisha, funga sanduku uondoke. Usibishane. Hasira za watu hazichanji." Hilo la pili nililiona la kikatili. Baadaye nikalitumia mwenyewe.

Baada ya miaka kadhaa tulihamishiwa wote wawili upande wa Geita, kwenye kituo kidogo nje ya Katoro. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja, zizi la nguzo na josho lililopasuka. Barafu tuliomba dukani kwa Mama Shirini, mama wa Kihindi aliyeuza vipuri vya baiskeli na mashine za kusaga. Hakupenda mbwa hata kidogo, lakini barafu hakutunyima kamwe.

Sasa mjue jambo moja. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuja kwa hesabu ya vijiji. Machimbo ya dhahabu hayakuwa kijiji. Kwenye karatasi za wilaya pale palikuwa pori. Pori gani lile lenye baa, kanisa, msikiti, mafundi cherehani, na mbwa kila kona? Nilisema ofisini mpaka nikachoka. Jibu lilikuwa, "Wachimbaji ni watu wa kuhama, mama." Kana kwamba kichaa cha mbwa kinauliza mtu anahama lini.

Siku ya gulio tulichanja pale Katoro, foleni ikawa ndefu, chanjo ikaisha mchana. Nilikuwa nafunga sanduku niliposikia watu wanacheka. Anakuja mwanamume wa makamo, kofia ya wachimbaji kichwani, macho yamefumbwa na makovu, na mbele yake mbwa mwekundu wa rangi ya udongo, sikio moja limekatika. Kifuani mwa mbwa ulipita mkanda uliokatwa kwenye fenibelti ya mashine. Juu ya mgongo, mkanda ule ulikuwa umefungwa usukani wa baiskeli uliokunjwa vizuri, na yule mtu alikuwa ameushika kama mpini. Mbwa akafika mezani petu, akasimama. Mtu naye akasimama.

"Hodi wenye sindano."

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti hiyo si ya huku."

"Natoka Iringa."

"Iringa kwa Wahehe?" Akauvuta mpini upesi. "Shemeji, rudi nyuma! Tumefika jikoni!"

Watu waliangua kicheko. Hata mimi nilicheka. Yeye akasema, "Ngonyani. Mngoni wa Songea." Nikapiga meza kwa kofi. "Alaa! Kumbe ni mtani!"

Vijana wa siku hizi utani mnaujua kwa kuusikia redioni. Wangoni na Wahehe walipigana zamani hadi wakachoka, wakaamua kutaniana. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu nawe ukacheka. Lakini utani ni kazi pia. Mtani wako akifa, kazi ya msiba ni yako. Wafiwa wanalia, wewe unachekesha. Na ukitaka, unasimama njiani, unazuia jeneza lisipite mpaka wakulipe. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika.

Nilipomwambia kwamba chanjo imekwisha, hakubishana. "Itarudi lini?"

"Wakileta."

"Umesikia, Shemeji? Wakileta." Akageuka, mbwa akageuka naye, wakaondoka.

Baada ya hapo nilikuwa nikipita kwake kila nilipokwenda machimboni kutibu mbuzi wa watu. Ngonyani alikuwa mchimbaji mzuri mpaka siku baruti ilipochelewa kulipuka, naye akarudi kutazama kwa nini. Alipotoka hospitali mkewe alivumilia kidogo, kisha akarudi kwao. Mbwa alikuwa wa mke. "Mke kaondoka, shemeji kabaki," Ngonyani alikuwa akisema, na ndivyo mbwa alivyopata jina. Ilikuwa raha kusikia asubuhi mtu mzima anaita, "Shemeji, twende kazini, tumechelewa!"

Kazi yake ilikuwa kutwanga. Mawe ya dhahabu yakitoka chini yanatwangwa kwenye kinu cha chuma mpaka yawe unga, kisha yanakwenda kuoshwa. Kutwanga hakuhitaji macho. Kunahitaji mabega, na mabega alikuwa nayo. Shida ilikuwa njia. Kutoka kibandani kwake hadi kwenye kinu, pande zote kulikuwa na maduara, ndiyo mashimo ya wachimbaji, mengine yanafanya kazi, mengine yameachwa wazi bila hata kijiti. Shimo la namna hiyo halina huruma na mwenye macho, seuze kipofu.

Siku moja niliwafuata nyuma nione. Mbwa alikwenda polepole. Alipofika penye shimo alisimama, mpini ukasimama, Ngonyani akasubiri. Kisha mbwa akazunguka kwa mbali, mbali kuliko mbwa anavyohitaji.

"Ulimfundishaje kusimama?" nilimwuliza.

"Kusimama sikumfundisha. Kazaliwa machimboni. Mbwa wa hapa asiyesimama kwenye shimo hakui." Akacheka. "Nilichomfundisha ni upana. Mbwa anapima njia kwa mwili wake, mtani. Akipita yeye anaona tumepita wote. Basi nilikuwa nampitisha kwenye miiba, nikichomwa nasimama, hatuendi. Mpaka akajua kwamba yeye ni mnene."

"Na hilo kovu la kipajini?"

"Boriti. Juu hatazami. Simlaumu, juu si kwake."

Watu walimshauri achukue mtoto wa ndugu amshikie fimbo, kama vipofu wengine. Alikataa. "Mtoto ana shule yake. Na mtoto atanionea huruma. Shemeji hanionei huruma, ananisubiri tu." Kisha alimalizia na methali yake aliyoipenda, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliisema mara nyingi mpaka ikawa inanichosha.

Kiangazi kimoja mbwa mgeni aliingia machimboni mchana, anayumba, udenda unamning'inia. Aliuma mbuzi, akamkosa mama ntilie, kisha akaenda moja kwa moja kwenye vinu. Watu walikimbia. Ngonyani alisikia watu wanakimbia lakini hakujua wanakimbia nini. Waliokuwepo waliniambia kwamba Shemeji alisimama mbele yake, akapigana mpaka watu wakarudi na mawe wakamuua yule mgeni. Nilipofika, Ngonyani alikuwa anamwosha Shemeji vidonda vya shingoni kwa mikono mitupu.

"Mtani, acha! Acha hapo hapo!"

Nilimwosha mikono kwa sabuni mpaka akalalamika. Siku ileile nilimpeleka hospitali akaanza sindano, akachomwa zote, na kila moja alitukana kwa Kingoni. Hilo namshukuru Mungu, lilikwenda vizuri. Kichwa cha mbwa mgeni tulikipeleka maabara Mwanza kwenye barafu ya Mama Shirini. Hatukumwambia ndani ya ndoo mna nini, naye hakuuliza. Majibu yalikuja kwa simu ya upepo: kichaa.

Sheria mnaijua. Mbwa aliyechanjwa akiumwa na mwenye kichaa, unamchanja tena na kumfunga, unamwangalia. Asiyechanjwa anauawa. Au, kama kuna pahali pa kumfungia peke yake kwa miezi sita, afungiwe. Mahali hapo hapakuwepo wilaya nzima. Mkubwa wangu akasema, "Ua, mama. Unangoja nini?" Nikamwambia mahali papo. Hapakuwepo. Nikaenda kupatengeneza.

Mama Shirini alinipa nyavu za chuma na mabati mawili ya zamani. "Mbwa gani huyu wa kumjengea nyumba?" aliuliza. Nikamweleza. Akaita mtu wa stoo aongeze kufuli. Mzee Masanja alichimbia nguzo huku ananung'unika kwamba amejenga mabanda ya ng'ombe wengi lakini hoteli ya mbwa ndiyo ya kwanza.

Nikaenda kumwambia Ngonyani. Alihesabu kwa vidole.

"Miezi sita."

"Akipita salama, ni wako tena."

"Na mimi kazini nitakwendaje miezi sita?"

Hakungoja nimjibu. Akasema, "Basi nitakuja kukaa huko kwako, mtani. Utanilisha. Ila mbwa usinipikie."

Walikuja asubuhi. Mtu mwingine wa kumwongoza hakuwepo, kwa hiyo Shemeji ndiye aliyemleta. Alipita njia yote, akakwepa mashimo yote, akavuka barabara, akafika mlangoni mwa banda lake mwenyewe akasimama. Nilimfungua mkanda na mpini nikiwa nimevaa zile glavu ndefu. Akaingia bila kuvutwa. Mzee Masanja akafunga kufuli, akaenda nyuma ya josho. Alisema ana haja ndogo.

Ngonyani alitandika mkeka kando ya banda, nami nikamchorea mpaka kwa kamba, asiuvuke, asiingize kidole kwenye nyavu. Alikaa hapo akisuka kamba za katani, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Alizungumza na mbwa kutwa. Alimweleza bei ya mawe, alimsengenya mwenyekiti wa machimbo, alinisengenya mimi nikiwa nasikia. Mbwa alikuwa akijibu kwa mkia. Mimi nilikuwa namwambia, "Anatikisa," naye anaendelea. Vidonda vilipona. Niliandika wilayani kuomba chanjo ya machimbo. Nikaanza kuamini, na kwenye kazi yetu hilo ni kosa.

Mwezi wa kwanza wa kifungo ulikuwa unaelekea mwisho Ngonyani aliponiita asubuhi, nikiwa bado napiga mswaki.

"Mtani, hebu sikiliza."

Mbwa alibweka. Nilisikia mbwa amebweka, basi.

"Si sauti yake," alisema. "Imekwaruza. Na jana maji hakunywa, sikusikia ulimi."

Nilimwambia labda ni vumbi. Mchana Shemeji alikuwa anauma nyavu. Jioni taya la chini lilikuwa limelegea, udenda unashuka, macho yanatazama mahali ambapo hapana kitu. Mzee Masanja alikuja akasimama kando yangu. Akatazama, kisha akatuma mtu amwite mgambo mwenye bunduki.

Nilimweleza Ngonyani yote bila kuficha. Mtani huwezi kumdanganya, ataujua uongo kabla hujamaliza. Akakunja kamba aliyokuwa anaisuka.

"Nimguse."

"Haiwezekani."

"Mkono tu. Mgongoni."

"Atakung'ata, mtani. Hakujui tena."

"Wewe unamwona. Masanja anamwona. Huyo mwenye bunduki atamwona. Mimi nikimuaga bila kumgusa, nimemuagaje?"

Naulizwa sana na vijana ni kesi gani ilikuwa ngumu kuliko zote. Wanategemea niseme kimeta, au ng'ombe aliyekwama kuzaa. Ni hii. Nilikataa, na leo ningekataa tena. Ilinichoma rohoni kama moto, na haki ilikuwa upande wangu.

Mgambo alikuja na bunduki. Mzee Masanja alimwelekeza kwamba asipige kichwani, maabara wanautaka ubongo, apige kifuani. Ngonyani alikuwa amekaa mkekani, uso umeelekea banda. "Shemeji," aliita. Mbwa alikwaruza sauti. "Nakuja, tangulia." Mgambo akapiga mara moja. Kuku wa kijiji kizima walipiga kelele.

Kichwa kilitolewa, kikawekwa kwenye ndoo. Mwili tuliunyunyizia dawa, tukauzungushia gunia. Hapo ndipo nilipomvalisha Ngonyani glavu ndefu ya mpira, nikaupeleka mkono wake kwenye gunia. Alishika mgongo, akashika mguu wa mbele, akawa anapanda kwenda shingoni. Nikamzuia mkono.

"Kichwa hakipo, mtani. Kinakwenda Mwanza."

Aliurudisha mkono mgongoni. Kisha akasema, "Siku zote alitaka kwenda mjini. Kaenda kuuza sura." Na hapo ndipo alipolia.

Wachimbaji wenzake walikuja wenyewe kuchimba kaburi, refu kwenda chini kama duara, wakaweka na chokaa. Ngonyani akasema, "Mtani, sema neno. Ndiyo kazi yako." Nilijaribu. Machozi yakalitangulia neno. Akanigeukia. "Mhehe analia msiba wa mbwa! Makubwa! Unalilia mnofu? Siku yangu mimi usinifanyie hivi. Uje na neno."

Tulipomaliza, nilimrudisha kwake. Tulishika ule usukani wa baiskeli, yeye mwisho mmoja, mimi mwisho wa pili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba sijui kutembea. Mara naenda haraka, mara nasimama ghafla, mara nasema "kushoto" nikiwa na maana ya kulia.

"Unanivuta, mtani," alisema. "Yeye hakunivuta."

Mlangoni pake alinirudishia mpini. "Kaa nao. Mimi sina wa kumfunga." Nikaupachika juu ya kabati la dawa pale kituoni.

Mwezi uliofuata chanjo ililetwa. Ya vijiji.

Nilijaribu kumtafutia mtoto wa mbwa. Alimpapasa, akanirudishia. "Mpaka huyu ajue kwamba yeye ni mnene, mimi nitakuwa nimekufa." Mwanzoni wenzake walimpitia asubuhi na kumfikisha kwenye kinu. Lakini watu wana kazi zao, na binadamu tunachoka kuongoza upesi kuliko mbwa. Leo anapitiwa, kesho anasahaulika. Siku asipotwanga, halali njaa mwingine, analala njaa yeye. Akaanza kwenda peke yake kwa fimbo, njia aliyoijua kwa nyayo.

Wakati ule watu walichimba popote walipoona dalili. Asubuhi moja walifungua duara jipya katikati ya njia ile, wakaenda kunywa chai. Hawakuweka mti, hawakuweka kamba. Walipokuwa wanakunywa chai, Ngonyani alikuwa anakwenda kazini.

Walinifuata kituoni kwa baiskeli. "Mama, mtani wako." Sikuuliza amefanyaje. Nilipanda kabatini nikachukua mpini.

Jeneza lilitengenezwa kwa mbao za kuzuia kuta za maduara. Makaburi yalikuwa ng'ambo ya vinu, kwa hiyo lilipaswa kupita njia yake ileile. Katekista alisali, wanawake wakaanza wimbo, watu wakanyanyua. Nikasimama katikati ya njia, nimeshika usukani wa baiskeli kwa mikono miwili.

"Hapiti mtu!"

Watu wakacheka. Walikuwa wanangoja, walijua nipo. Karai likapitishwa, sarafu zikaanza kulia ndani yake. Nililisukuma pembeni.

"Hela zenu wekeni. Mimi nataka mashimo. Kila duara lililoachwa wazi kwenye njia hii, lifukieni. Na lile lililomla. Ndipo atapita."

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti wa machimbo, mtu mnene mwenye redio kwapani, akaja mbele. "Mama, utani una mipaka."

"Nani kakwambia?"

"Lile lina mawe mazuri!" kijana mmoja akapiga kelele. Ndiye mwenye lile duara jipya.

"Na lina damu ya mtu," nikamjibu. "Chagua kimoja."

Mimi ni mtumishi wa serikali wa mbuzi na ng'ombe, sina amri hata juu ya kokoto moja ya pale. Mzee mmoja wa Songea, aliyekuwa amebeba jeneza mbele, akaliteremsha chini taratibu. "Ana haki yake," alisema. "Mtani akizuia, kazuia. Sisi kwetu hatuvuki." Wabebaji wengine nao wakaachia. Jeneza likakaa chini juani. Mzee Masanja, ambaye hakuwa Mngoni wala Mhehe na alikuwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu, akavua koti, akachukua koleo la mtu. Ndipo wengine walipofuata, na mwisho hata yule kijana.

Msinisifu. Masika yaliyofuata walichimba upya, palepale, na chanjo ya machimbo sikuipata mpaka nilipobadilishiwa mkubwa. Ninyi mnaoanza, mkipewa sanduku, anzieni kule ambako karatasi inasema ni pori.

Walifukia mpaka jua likaanza kupungua ukali. Mwenyekiti akafuta jasho. "Tayari. Sasa tupishe."

"Nitajuaje kwamba ni tayari?" Nikavua kilemba changu, nikajifunga macho.

"Mayu, utaanguka," Mzee Masanja alisema.

"Nikianguka mtanizika leo leo, si mko wote hapa? Tena mmeshachoka, mtachimba fupi."

Kwanza aliguna mmoja, kisha walicheka wote, wanawake na wanaume, kicheko kile cha msibani chenye machozi ndani. Neno lake nilikuwa nimelileta. Nikashika mpini mbele yangu kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akishika yeye. Ulikuwa mwepesi, hauelekei popote. Nikaanza kutembea. Miguuni udongo mpya ulikuwa laini, ukawa mgumu, ukawa laini tena. Kila palipokuwa laini nilisimama kidogo, maana hapo Shemeji angesimama, kisha nikavuka. Niliendelea mpaka mpini ukagonga chuma. Nikaweka mkono wa pili: kinu chake, kina joto la jua.

Nikajifungua macho.

"Haya," nikawaambia. "Mleteni."